Wiki tisa baada ya keki ya bangi, bado najiona niko nyuma ya kioo

SWALI: Nina miaka 22, niko mwaka wa pili chuoni hapa Dar es Salaam. Wiki tisa zilizopita kwenye bethidei ya rafiki nilikula kipande cha keki ya bangi. Nikaona hakifanyi kitu, nikaongeza cha pili. Baadaye moyo ukaanza kwenda mbio, mikono ikafa ganzi, nikaamini nakufa. Asubuhi stimu ilikuwa imeisha, lakini mimi sikurudi. Kila kitu nakiona kama kiko nyuma ya kioo. Sauti yangu naisikia kama ya mtu mwingine. Mama yangu namwangalia, namjua, ila simhisi. Daladala ikijaa siwezi kupanda. Nimepimwa malaria na presha, vyote sawa. Duka la dawa walinipa Valium ya kutuliza, kwa wiki tatu sasa nameza miligramu 5 usiku mara tatu au nne kwa wiki. Mama anasema ni majini, anataka tuende kwa shehe. Je, ubongo umeharibika? Bangi bado iko mwilini? Nakuwa chizi?

JIBU: Mdogo wangu, nianze na hayo matatu ya mwisho, maana naamini ndiyo yanayokukesha. Hakuna ulichoandika kinachoonyesha ubongo umeharibika. Bangi ya usiku ule haikuendeshi tena. Na kuhusu uchizi, angalia ulivyoandika mwenyewe: kila kitu "kama" kiko nyuma ya kioo, sauti "kama" ya mtu mwingine. Mgonjwa wa saikosisi, yaani huo uchizi unaouogopa, haweki hiyo "kama". Yeye anaamini kabisa kwamba mama yake amebadilishwa, au kwamba majirani wamemwekea kitu ukutani, na ukimbishia anakushangaa wewe. Wewe unajua kioo hakipo, na bado unakiona. Tofauti hiyo ndiyo daktari anayoitafuta kwanza.

Hali yako ina jina hospitalini. Mtu anapojiona mbali na mwili, sauti na hisia zake huitwa depasonalizesheni. Dunia ya nje inapoonekana bandia, bapa au ya mbali huitwa derializesheni. Mara nyingi huja pamoja. Mfaransa Ludovic Dugas aliandika juu ya hali hii tangu 1898, kwa hiyo si ugonjwa ulioletwa na keki za siku hizi. Kwa dakika au saa chache huwapata watu wengi sana baada ya ajali, msiba, homa kali au kukesha. Ikikaa na kuvuruga maisha huhesabiwa kuwa ugonjwa, na makadirio ni mtu 1 au 2 kati ya 100. Kwa kawaida huanza ujanani, na bangi ni miongoni mwa vichochezi vinavyotajwa zaidi, hasa usiku wa bangi ulioishia kwenye hofu kali kama wako.

Kilichotokea usiku ule

Bangi ya kuvuta hupanda ndani ya dakika chache, mtu akaona imetosha akaacha. Ya kula huchukua nusu saa hadi saa mbili kuonekana, kwa sababu inapita tumboni na kwenye ini kwanza. Ini huigeuza sehemu ya THC, ile kemikali inayolevya, kuwa kemikali nyingine iitwayo 11-hidroksi-THC, ambayo nayo huingia ubongoni kwa nguvu. Kilele huja baada ya saa mbili hadi nne, na ulevi wote unaweza kudumu saa sita hadi kumi na mbili. Wewe uliongeza kipande cha pili kabla cha kwanza hakijafika. Vyote viwili vikafika pamoja.

Juu ya hapo, keki za mtaani hazina kipimo. Mafuta yaliyopikwa na bangi hayasambai sawasawa kwenye unga, kwa hiyo kipande cha pembeni kinaweza kuwa na kidogo na cha katikati mara kadhaa yake. Kama aliyepika alitumia skanka, bangi iliyo kali zaidi, badala ya bangi ya kawaida, kiasi kinapanda zaidi. Kanada, ambako bangi ni halali, pakiti nzima ya chakula cha bangi hairuhusiwi kuzidi miligramu 10 za THC. Ulichokula wewe hakuna anayejua kilikuwa na ngapi, hata aliyepika.

THC nyingi huuamsha moyo na huchokoza sehemu za ubongo zinazoshughulika na hofu. Ukaanza kuhema haraka bila kujua. Kuhema haraka hupunguza kabonidayoksaidi kwenye damu, mishipa ya damu ya ubongo hujibana kidogo, na matokeo yake ni hayo uliyoyaona: ganzi mikononi na mdomoni, kizunguzungu, macho kuona kila kitu kiko mbali. Ukatafsiri kuwa kifo. Hofu ikazidi, pumzi zikazidi. Hilo ni shambulio la hofu, na wengi hulipata siku hiyo ya kwanza wakaenda hospitali wakidhani ni moyo.

Sasa kuhusu bangi kubaki mwilini. THC huhifadhiwa kwenye mafuta, ndiyo sababu mtu anayevuta kila siku anaweza kukutwa nayo kwenye mkojo wiki kadhaa baada ya kuacha. Aliyekula mara moja, kwa kawaida ni siku chache. Tena kinachopimwa kwenye mkojo ni mabaki yaliyokwisha kuvunjwa, hayalevyi mtu. Hizo "dawa za kusafisha damu" zinazouzwa kwa wenye hofu kama yako ziache. Hakuna kilichobaki cha kusafisha.

Kwa nini haijaisha

Mwili ukitishwa kupita kiasi hupunguza hisia ili mtu aweze kuvumilia. Ganzi hiyo ya moyo ni kinga, na kwa kawaida huisha tishio likiisha. Kwako tishio halijaisha, kwa sababu sasa tishio ni ile ganzi yenyewe. Unaamka, kitu cha kwanza unajikagua: bado ipo? Unaikuta. Unaogopa. Mwili unamwaga adrenalini, pumzi zinapanda, dunia inazidi kuonekana bandia, na ukaguzi unaofuata unaleta jibu baya zaidi. Ni kama ulimi unavyorudi kwenye pengo la jino: hauachi kulipima, na kwa kulipima pengo linaonekana kubwa kuliko mdomo.

Bila shaka unafanya mengi ya haya: kujitazama kiooni kuona kama ni wewe, kujibana mkono, kumkodolea mama macho ukijiuliza "leo namhisi?", kuwauliza marafiki kama unaongea kawaida, kusoma mtandaoni hadi saa nane usiku visa vya watu waliokaa miaka kumi na hali hii. Kila kimoja kinatuliza kwa dakika tano, kisha kinautia mzunguko mafuta mapya. Mwanasaikolojia Elaine Hunter na wenzake wa London waliuandika mzunguko huu mwaka 2003, na tiba ya mazungumzo iliyojengwa juu yake inalenga kukata ukaguzi na kukwepa, siyo kuisukuma ile hisia iondoke. Ukishika hilo moja, mengine yote ninayokuandikia yataeleweka.

Pa kuanzia

Vichochezi kwanza, maana bila hivi mengine hayashiki. Bangi ni marufuku, hata pafu moja "la kujaribu kama nimepona". Wengi waliokwisha kupata nafuu hurudi nyuma kwa jaribio hilo. Pombe hutuliza usiku, kisha asubuhi mwili unarudisha wasiwasi pamoja na riba. Kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu la mililita 250 lina takriban miligramu 80 za kafeini, karibu sawa na kikombe cha kahawa, na moyo wako kwa sasa hauhitaji hata nusu yake. Kahawa na chai ya rangi nzito ziishie saa sita mchana. Kama ulizoea vikombe vingi, punguza kimoja kila baada ya siku mbili, usikate ghafla, la sivyo utaumwa kichwa na kudhani ni ubongo. Mirungi ina kathinoni, kichangamshi cha jamii moja na amfetamini, kwa hiyo nayo haifai kabisa. Shisha na sigara huongeza mapigo ya moyo. Ukifunga Ramadhani, kahawa ya daku pamoja na usingizi uliokatika katikati ni mchanganyiko mbaya kwako mwaka huu. Kunywa maji, ule vizuri, ulale tena.

Pumzi. Watu wanakwambia "vuta pumzi ndefu", na ndiyo kosa lenyewe: ukivuta kubwa kubwa unaendeleza kuhema kupita kiasi. Kinachotakiwa ni pumzi ndogo na ya polepole, na kutoa kurefuke kuliko kuvuta. Kaa, mkono mmoja tumboni. Vuta kwa pua ukihesabu 4, tumbo liinuke, kifua kitulie. Toa polepole ukihesabu 6. Hiyo ni pumzi sita kwa dakika. Fanya dakika 5 asubuhi na dakika 5 jioni, ukiwa mtulivu, kwa wiki mbili, ndipo uitumie wakati wa hofu. Anayeanza kujifunza akiwa tayari katika shambulio hushindwa na kusema haifanyi kazi. Mfuko wa karatasi mdomoni usiutumie.

Lile zoezi la kutaja vitu vitano unavyoviona, vinne unavyovigusa, vitatu unavyovisikia, viwili unavyovinusa na kimoja unachokionja linasaidia shambulio linapopanda. Lakini nakuonya: ukilifanya mara arobaini kwa siku ili kupima kama dunia imerudi, limegeuka ukaguzi. Lifanye mara moja, kisha endelea na ulichokuwa unafanya hata kama kioo bado kipo.

Kukata ukaguzi ndiyo kazi kubwa. Siku mbili za kwanza hesabu tu: weka alama kwenye karatasi kila unapojikagua. Usishangae zikifika mia. Baada ya hapo chagua ukaguzi mmoja ulio rahisi zaidi kuuacha, mara nyingi ni kusoma mtandaoni, na uukate wote kwa wiki nzima. Wiki inayofuata, kuwauliza watu. Kisha kioo: tazama unapopiga mswaki au kunyoa, basi. Wazo la "je, bado ipo?" litakuja tu, huwezi kulizuia, na usipigane nalo. Lijibu kwa ufupi, "inawezekana", halafu rudisha macho na mikono kwenye kazi iliyo mbele yako. Kazi ya mikono inashinda kutafakari. Kuosha vyombo, kupika, kufua, kucheza mpira, kusuka nywele za mdogo wako. Tafakuri za kufumba macho na kuisikiliza nafsi, ambazo siku hizi zinapendekezwa kwa kila mtu, mara nyingine huwazidishia watu wa hali hii, kwa hiyo ziache kwa sasa.

Wasiwasi uliobaki upe muda wake: dakika 15 saa kumi na moja jioni, siyo kitandani. Wazo likija saa nne asubuhi, liandike neno moja na uliahirishe. Wengi hukuta kwamba jioni ikifika nusu ya mawazo hayana tena nguvu.

Sitaki uandike daftari la dalili kila saa, ingawa utashauriwa hivyo. Daftari la namna hiyo ni ukaguzi wenye kalamu. Andika ulichofanya: nimepanda gari, nimehudhuria somo, nimelala saa ngapi. Kiwango cha hali, kutoka 0 hadi 10, kiandike mara moja tu kwa wiki, Jumapili.

Daladala

Kila unapoiacha daladala iliyojaa, hofu inashuka, na ubongo unajifunza kwamba kuikwepa ndiko kulikokuokoa. Ndiyo maana wiki ijayo itakuwa ngumu zaidi. Panga ngazi. Ya kwanza inaweza kuwa kukaa kituoni dakika 20 bila kupanda. Ya pili, kupanda saa nne asubuhi gari likiwa na nafasi, vituo viwili, ukiwa na rafiki. Kisha vituo viwili peke yako. Kisha safari nzima saa hiyo hiyo. Kisha saa kumi na mbili jioni, umesimama, watu wamebanana. Kila ngazi irudie siku nne au tano hadi hofu ishuke angalau nusu ya ilivyokuwa mara ya kwanza, ndipo upande inayofuata.

Sheria ni mbili. Usishuke hofu ikiwa juu kabisa. Shambulio la hofu hufika kileleni ndani ya dakika kumi hivi na kisha hushuka lenyewe. Ukishuka kabla, hutaona kamwe likishuka. Na usiende na hirizi, nikimaanisha chupa ya maji unayoishikilia, Valium mfukoni "ya dharura", au simu iliyo tayari kumpigia mama. Vitu hivyo vinabeba sifa ambayo ni yako.

Kuna pia mazoezi ya nyumbani ya kuzoea zile hisia zenyewe, kwa sababu unaogopa kizunguzungu na ule umbali kuliko unavyoiogopa daladala. Zunguka ukiwa umesimama sekunde 60. Hema haraka kwa mdomo sekunde 60. Tazama doa moja ukutani dakika 3 bila kuhamisha macho, na utaona ukuta unaanza kuonekana wa ajabu. Kwa mtu yeyote huonekana hivyo. Baada ya kila moja kaa tu usubiri itulie, usifanye lolote kuiondoa. Rudia kila zoezi mara tatu, siku tano kwa wiki. Hii inatofautiana na ukaguzi: hapa unaialika hali makusudi, kwa muda uliopangwa, bila kuuliza kama umepona. Mwenye kifafa, pumu, ugonjwa wa moyo au mimba asifanye haya bila daktari.

Usingizi na mwili sitavirefusha. Amka saa ile ile kila siku, hata ulale vibaya. Lenga saa 7 hadi 9. Simu ilale nje ya chandarua. Tembea kwa haraka nusu saa siku tano kwa wiki, polepole ukielekea kukimbia. Moyo utaenda mbio na mwanzoni utakutisha. Hilo nalo ni zoezi. Kula kwa wakati, maana njaa na mkono unaotetemeka vinafanana mno na hofu.

Dawa

Valium iliyoko kwenye kabati lako ni diazepamu. Inatuliza, sibishani, lakini inafanya mambo mawili mabaya kwako: inaongeza ile hali ya ukungu, na mwili huizoea ndani ya wiki chache hadi kipimo kisitoshe. Isizidi wiki mbili hadi nne, na ni daktari wa kuiandika, siyo muuza duka. Kwa kiasi unachotumia, mweleze daktari na mpunguze usiku mmoja kila wiki. Tarajia usiku mmoja au miwili wa kulala vibaya, siyo dalili kwamba unaihitaji. Anayeimeza kila siku kwa mwezi au zaidi asiikate ghafla kamwe, anaweza kupata degedege. Na isichanganywe na pombe wala tramadoli, ile dawa kali ya maumivu. Mchanganyiko huo huzima upumuaji.

Hakuna kidonge kilichothibitika kuondoa depasonalizesheni yenyewe. Fluoksetini, dawa ya sonona, ilijaribiwa mahsusi kwa hali hii, na matokeo yaliyotolewa 2004 hayakuonyesha kwamba inashinda kidonge bandia. Lakini wasiwasi na sonona vinavyoiandama vinatibika, na vikishuka, kioo mara nyingi huwa chembamba. Daktari anaweza kukuanzishia fluoksetini miligramu 20 asubuhi, au sertralini miligramu 25 kwa wiki moja kisha 50. Matokeo huja baada ya wiki mbili hadi sita. Wiki ya kwanza au ya pili wasiwasi unaweza hata kupanda, na hapo ndipo wengi huacha wakisema dawa imewadhuru. Kwa umri wa chini ya miaka 25 mawazo ya kujidhuru yanaweza kuongezeka mwanzoni, kwa hiyo mtu mmoja nyumbani ajue umeanza dawa na akuangalie. Ukipata nafuu, endelea angalau miezi sita, kisha upunguze na daktari. Tramadoli pamoja na dawa hizi huongeza hatari ya degedege, usiichanganye.

Hospitalini: sema hivi

Wengi huficha bangi wakihofia polisi. Daktari anahitaji kuijua ili akutibu. Yuko pale kama mtabibu. Tatizo kubwa ninaloliona ni lugha. Ukiingia na kusema "najihisi siko duniani, sauti si yangu", ukaishia hapo, mtoa huduma mwenye foleni ya watu sitini anaweza kuandika saikosisi na kukupa haloperidoli, dawa ya saikosisi. Dawa hiyo ina kazi yake, ila kwa asiye na saikosisi huleta kukakamaa kwa misuli na kutotulia miguuni, na wewe ukaamini kweli umechizika. Sema hivi: "Nilikula bangi mara moja, wiki tisa zilizopita, nikapata shambulio la hofu. Tangu hapo najihisi kama niko mbali na mwili wangu na dunia inaonekana bandia. Najua ni hisia tu. Sisikii sauti za watu wasiokuwepo, na sidhani kuna mtu ananifuatilia." Taja pia Valium, na kama kuna ndugu wa damu mwenye ugonjwa wa akili.

Omba vipimo vichache: wingi wa damu, sukari, na homoni za tezi ya shingo, maana tezi ikifanya kazi kupita kiasi huleta moyo kwenda mbio na wasiwasi unaofanana na wako. Picha ya kichwa kwa maelezo yako haihitajiki, labda kuwe na dalili nitakazozitaja. Mweleze pia dawa zozote nyingine. Meflokwini ya malaria inaweza kuleta wasiwasi na hali hii hii, na efavirenzi iliyokuwa ikitumika sana kwa VVU huleta kizunguzungu na ndoto kali.

Dar es Salaam, anzia hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo karibu nawe, Amana, Temeke au Mwananyamala, na ulizia kliniki ya afya ya akili; Muhimbili ina idara kamili ya magonjwa ya akili. Usichanganyikiwe ukielekezwa kliniki ya methadoni, hiyo ni ya waraibu wa heroini na haikuhusu. Msomaji wa Dodoma ana Mirembe, wa Unguja Kidongo Chekundu, wa Nairobi Mathari.

Nenda leo, usisubiri kliniki, ukiona lolote kati ya haya: unasikia sauti zinazokusema au kukuamuru, unaanza kuamini watu wanakupangia njama, umekaa siku mbili tatu bila usingizi na hujisikii kuchoka, unawaza kujiua. Nenda pia kama hali inakuja ghafla kwa dakika moja mbili na kukatika ghafla, ukitafunatafuna mdomo au usikumbuke kilichotokea, kwa kuwa hiyo inaweza kuwa kifafa. Au ukipoteza fahamu, upande mmoja wa mwili ukilegea, au kichwa kikiuma ghafla kuliko ulivyowahi kuumwa. Ndugu wa damu mwenye skizofrenia hamaanishi kwamba nawe utaumwa, lakini anamaanisha bangi kwako ni hatari zaidi kuliko kwa jirani yako.

Mama

Usigombane na mama juu ya majini. Anaona mwanawe anamtazama bila kumwona, na anatafuta maelezo kwa lugha aliyonayo. Kisomo na dua havikudhuru, na wengine hutulia kwa kusomewa. Weka masharti mawili tu kwa adabu: kisiwe na kupigwa, kufungwa, kufukizwa hadi ukakohoa wala kunyweshwa dawa usizozijua, na kisiwe badala ya hospitali. Mwambie, "Mama, twende kwa shehe, na Jumatatu unisindikize Mwananyamala." Mashehe wengi watakuambia hivyo hivyo. Kama hujamwambia kuhusu keki, mwambie. Siri unayoilinda kila siku nayo inakula nguvu.

Na kuhusu kutomhisi, usijilazimishe kumpenda kwa nguvu kila unapomwona. Mapenzi yako kwake hayajaondoka. Hisia zote zimepunguzwa sauti kwa pamoja, ya kwake inaonekana zaidi kwa sababu ndiyo unayoipima. Kaeni mchambue mchele, mwangalie tamthilia, umsaidie mzigo wa sokoni.

Nafuu haiji kama kuamka asubuhi moja kioo kimevunjika. Kwanza hofu inapungua na kioo kinabaki, na hapo wengi hukata tamaa wakati ndipo wanapoanza kupona. Kisha unagundua umeangalia mpira dakika ishirini bila kukumbuka kujikagua. Kisha saa. Utakuwa na siku mbaya baada ya kukesha, mafua, au wiki ya mitihani. Zihesabu kama siku mbaya na urudi kwenye ratiba ile ile. Kwa wengi huwa ni suala la wiki hadi miezi. Ukifanya haya wiki nane kwa uaminifu na alama yako ya Jumapili haijasogea, au ukianza kukosa masomo kabla ya hapo, chukua daftari lako la matendo uende nalo kliniki, uombe rufaa kwa mwanasaikolojia tiba, na ofisi ya mshauri wa wanafunzi chuoni uipe taarifa mapema kabla ya mitihani, siyo baada ya kufeli.